Pointi 78 Bila Mfungaji Bora: Uchambuzi wa Kisa cha Kumkaba Mtu Mmoja kwa Watu Wawili

Kisa kwa ufupi

Kijana aliyekuwa akiongoza Marekani nzima kwa wastani wa pointi katika mpira wa kikapu wa vyuo vikuu alimaliza mchezo bila pointi hata moja. Timu yake ilishinda kwa tofauti ya pointi 30. Mambo hayo mawili yalizaliwa na uamuzi mmoja wa kocha wa upande wa pili, na kwangu hakuna mchezo unaofundisha ulinzi vizuri kuliko huo.

Majina ya vyuo, makocha na wachezaji wa mchezo huo nimeyaondoa. Ulizungumzwa sana wakati wake na mfuatiliaji mzuri wa kikapu ataweza kuutambua, lakini kila majina yanapotajwa mjadala hugeuka kuwa kesi ya kumhukumu kocha, na ulinzi wenyewe unasahaulika. Kwa hiyo hapa nitawaita Wenyeji, Wageni, na Mfungaji.

Usuli

Ni Novemba 2008, msimu wa vyuo vya wanaume ndiyo kwanza umeanza. Vyuo vyote viwili ni vidogo, nje ya ligi zile kubwa zinazojaza wachezaji NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. Tofauti yao ni kwamba Wenyeji walikuwa wametoka kulitikisa taifa: Machi ya mwaka huo walifika timu nane za mwisho za mashindano ya kitaifa, wakatolewa kwa tofauti ya pointi 2 na timu iliyokuja kutwaa ubingwa. Aliyewabeba ni Mfungaji, gadi (mchezaji wa nje) mwembamba ambaye hakuwa mrefu kwa viwango vya kikapu.

Hatari yake ilikuwa ya aina mbili. Kwanza, mkono wake: aliachia mpira haraka, na kwa umbali ambao mabeki wengi hawakuzoea kufika. Msimu huo mstari wa pointi tatu wa vyuo vya wanaume ulisogezwa nyuma kutoka mita 6.02 hadi mita 6.32, na kwake haikuwa shida. Pili, miguu yake. Alikimbia bila mpira muda wote, akizunguka skrini za wenzake, yaani wachezaji wanaosimama kumzibia beki njia, mpaka beki wake apotee. Mwaka huo alikuwa pia amehamishiwa nafasi ya pointi gadi, kwa sababu aliyekuwa akigawa mpira alikwisha maliza masomo. Kwa hiyo sasa alianza na mpira mkononi, na alijua kuishi bila mpira vilevile. Jambo hili la kuishi bila mpira tuliweke karibu, kwa maana ndilo lililoamua mchezo.

Juma moja tu kabla ya mchezo huu, Mfungaji alitia pointi 44 ugenini dhidi ya timu kubwa, yenye mchezaji aliyekuja kuchaguliwa wa kwanza kwenye drafti ya NBA ya 2009, ambamo timu huchagua wachezaji wapya. Timu yake ilifungwa 82 kwa 78.

Kwa wasomaji waliozoea sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia: mchezo wa vyuo vya wanaume Marekani una nusu mbili za dakika 20, na wakati ule timu ilikuwa na sekunde 35 za kutupa mpira kwenye ringi. Sisi tuna 24. Nitarudi kwenye sekunde hizo.

Mpango wa Wageni

Kuna ulinzi mchanganyiko ambao makocha wengi wanaujua. Wa kwanza ni boksi na mmoja: watu wanne wanakaba zoni, kila mmoja na eneo lake, kwa umbo la mraba, wa tano anamfuata mfungaji mtu kwa mtu popote aendako. Wa pili ni pembetatu na wawili: watatu wanabaki zoni karibu na ringi, wawili wanatoka kukaba wafungaji wawili, kila mmoja na wake.

Wageni walichukua umbo la pembetatu na wawili, lakini wale wawili wote wakapewa mtu mmoja. Mfungaji akiwa na mpira, wawili. Akiwa hana mpira, wawili. Akiwa amesimama tu, wawili.

Ni vizuri kuona mara moja mpango huu unatofautiana na nini. Karibu kila timu humtegea mfungaji mkubwa watu wawili mara kwa mara: anapotoka kwenye skrini na mpira, anapoingia kona, anapougeuzia ubao mgongo. Mtego wa namna hiyo una mwanzo na mwisho. Mpira ukishatoka mkononi mwake, mmoja wa wale wawili anakimbia kurudi kusaidia, na ulinzi unakuwa tena watano kwa watano. Mpango wa Wageni haukuwa na mwisho.

Mchezo ulivyokwenda

Mara Wenyeji walipoelewa kinachofanyika, Mfungaji alifanya jambo ambalo nyota wachache wa umri wake wangelifanya. Hakupigana. Alijitoa, akaenda kusimama pembeni mwa uwanja, mbali na mpira, na mabeki wake wawili wakamfuata hadi huko. Wakasimama naye.

Uwanjani palibaki washambuliaji wanne na mabeki watatu.

Kuanzia hapo mchezo ulikuwa hesabu ya kawaida. Katika nne kwa tatu, mshambuliaji mmoja hana mtu. Beki anayetoka kumfuata mwenye mpira anaacha mwanya nyuma yake, pasi moja inapita kwenye mwanya huo hadi kwa mchezaji wa ndani, na beki wa mwisho anapobana ndani, pasi ya pili inatoka nje kwa mtupaji aliyejipanga. Mpira unakwenda kwa kasi ambayo mguu wa binadamu hauwezi kuifikia. Na Wenyeji walikuwa na sekunde 35 za kuutafuta mtupo huo, wakati kwa kawaida pasi mbili au tatu zinatosha.

Mfungaji alitupa mara tatu tu mchezo mzima, akakosa zote. Tofauti ilivyozidi kukua, Wageni hawakubadilisha kitu. Mashabiki wa nyumbani walikuja kumwona akitupa, na walimzomea kocha wa Wageni. Mchezo ukaisha 78 kwa 48.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ni wa kocha wa Wageni, na nataka tumtendee haki. Alikuwa ugenini, na timu dhaifu zaidi, dhidi ya kijana aliyeongoza taifa kwa pointi. Kukaba kwa kawaida kungeweza kumpa Mfungaji pointi 35 na bado Wageni wakafungwa. Kocha alipoulizwa baada ya mchezo alijitetea hadharani kwamba alikabili mchezaji wa kiwango cha NBA, na kwamba hakuna mwingine aliyewahi kumzuia asipate pointi. Kuhusu kiwango cha mchezaji alikuwa sahihi kabisa. Na dhana iliyo chini ya mpango, kwamba wachezaji wanne wa kawaida wa chuo kidogo huenda wakaogopa kutupa wakati nyota wao yuko, si dhana ya kijinga. Nimeziona timu zinazoganda namna hiyo: mpira unazunguka, kila mtu anamtafutia mkubwa, saa inaisha.

Uamuzi wa pili ni wa Wenyeji, wa kumwacha Mfungaji akae pembeni. Wangeweza kuhangaika kumwekea skrini mbili, tatu, ili atupe hata mitupo 10 migumu na heshima yake isiguswe. Walichagua pointi za timu. Uamuzi huu ulimdai Mfungaji kitu kikubwa, akiwa mbele ya watu wake na akiwa juu kabisa ya orodha ya wafungaji wa nchi. Nauheshimu kuliko pointi zake 44 za juma lililotangulia.

Uamuzi wa tatu ndio ninaoupinga bila kusita: kuendelea. Mpango wa kujaribu bahati unaruhusiwa dakika za mwanzo. Ukiwa umeshaona wale wanne hawajaganda, wanatupa bila hofu na wanafunga, sababu ya mpango imekufa. Kuushikilia baada ya hapo ni kubadilisha lengo kimyakimya, kutoka kushinda mchezo kwenda kulinda sifuri ya mtu mmoja.

Matokeo

Mfungaji: pointi 0. Wenyeji: 78. Wageni: 48. Mfungaji alimaliza msimu akiwa kinara wa pointi wa taifa, kwa wastani wa 28.6, na mchezo huu haukumpunguzia chochote machoni pa NBA.

Uchambuzi: namba ya kuangalia

Zirudie alama za mechi zile mbili. Mechi ambayo Mfungaji alifunga 44, timu yake ilipata 78. Mechi ambayo hakufunga kitu, timu yake ilipata 78.

Ni timu ileile, ndani ya juma moja. Wapinzani hawakuwa wa uzito mmoja, hilo ni kweli, na kufunga 78 dhidi ya timu kubwa ni kazi ngumu kuliko kuzifunga dhidi ya Wageni. Lakini ugawaji wa pointi unaeleza kila kitu. Mara ya kwanza wenzake walifunga 34 kwa jumla na timu ikapoteza. Mara ya pili wenzake walifunga zote 78, na wapinzani hawakuwa na jibu. Ulinzi ule ulichota pointi kutoka mfuko mmoja wa Wenyeji na kuzimimina mfuko wa pili.

Kocha anayepanga ulinzi dhidi ya mfungaji mkubwa hana budi kuamua anapigania namba gani. Pointi za mfungaji ni namba inayoonekana, inayoandikwa magazetini, na wachezaji wako watakuambia kwa fahari wameishikilia ngapi. Namba inayoshinda mechi ni pointi ambazo timu nzima ya pili inapata katika kila shambulizi. Mara nyingi namba hizi mbili zinakwenda pamoja, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu tunazoea kuipigania moja tukidhani tunaipigania nyingine. Kisa hiki kinazitenganisha waziwazi.

Uchambuzi: wawili kwenye mpira, wawili pasipo mpira

Watu wawili wakimbana mwenye mpira, wanapata kitu kwa bei wanayolipa. Wanamlazimisha kutoa pasi chini ya mikono minne. Pasi hiyo inaweza kuwa ya juu, ya polepole, inayoweza kuibwa. Inakula sekunde. Na aliyeipokea pengine ni mchezaji asiyezoea kuanzisha shambulizi.

Watu wawili wakimkaba asiye na mpira, akiwa amesimama, hawapati chochote cha aina hiyo. Hakuna pasi ngumu, hakuna sekunde zilizopotea. Mshambuliaji mmoja ametoka kwenye mchezo na amewatoa mabeki wawili. Kila hatua anayosogea mbali na ringi, ndivyo msaada unavyozidi kuwa mbali. Mfungaji angekuwa mchezaji anayehitaji mpira mkononi ili awe na faida, mpango ungeuma zaidi. Lakini huyu alikuwa amelelewa kucheza bila mpira, na kocha wake alikuwa na timu iliyozoea kupasiana. Kabla ya kuchagua ulinzi mchanganyiko, swali la kwanza lilipaswa kuwa: huyu kijana akikataa kucheza na mpira, wenzake watakwama? Mashindano ya Machi yaliyotangulia yalikwisha kulijibu.

Uchambuzi: nani amebaki chini ya ringi

Ukiwatoa wawili kwenda kukaba mtu mmoja, ulinzi wako wote unategemea yule wa mwisho chini ya ringi. Msimu uleule, Mtanzania Hasheem Thabeet alikuwa akichezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na alikuwa akizuia zaidi ya mitupo 4 kwa mchezo kwa wastani, kisha akachaguliwa wa pili kwenye drafti ya 2009. Ukiwa na mtu wa mita 2.21 aliyesimama pale, mabeki wako wa nje wanaweza kuwa wakali, hata kujiweka hatarini, kwa kuwa anayepenya anakutana na ukuta. Wageni hawakuwa na mtu wa daraja hilo. Mabeki watatu wa kawaida waliachiwa kazi ambayo hata timu bora za nchi haziwapi mabeki watatu.

Kuna na ribaundi, mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa, ambazo watu husahau. Wale wawili waliosimama na Mfungaji pembeni hawakuwa karibu na ringi mpira ulipokosa, kwa hiyo watatu walipaswa kuwazuia wanne kwenye ubao pia. Shambulizi moja la Wenyeji lingeweza kuwa na mitupo miwili.

Hata pointi 48 za Wageni sioni kama ni habari ya mashambulizi peke yake. Timu inayofungwa kila mara inaanza kila shambulizi kwa kuutoa mpira nyuma ya mstari, mbele ya ulinzi uliokwisha kupanga. Hakuna kukimbia, hakuna leiapu (mitupo ya chini ya ringi) za bure. Ulinzi mbovu unaulisha ulinzi wa mwenzako.

Kilichofanya kazi

Wale mabeki wawili walitekeleza walichoagizwa kwa nidhamu kamili. Mitupo mitatu kwa mchezaji wa kiwango kile ni kazi kubwa, na inathibitisha kwamba kumnyima mtu mpira kunawezekana kabisa ikiwa wachezaji wanakubali kuchoka kwa ajili yake. Kilichokosewa ni kuwatumia wawili kwa pamoja. Wangetumika kwa zamu, mmoja akiwa uwanjani na mapafu mapya na mwenzake akipumzika benchi, nguvu ileile ingepatikana na bado watu wanne wangebaki kukaba wanne.

Ulinganisho: fainali ya wanawake ya 2024

Kwa upande wa pili wa mizani, tazama fainali ya vyuo vya wanawake, Aprili 2024 huko Cleveland. Hapa majina yanaweza kutajwa, maana ni sifa. Caitlin Clark wa Chuo Kikuu cha Iowa, mfungaji mkubwa kuliko wote katika historia ya daraja la kwanza la vyuo vya Marekani (NCAA Division I), alitia pointi 18 katika robo ya kwanza peke yake dhidi ya South Carolina. Iowa wakaongoza 27 kwa 20. Kocha mwenye hofu angeita watu wawili pale pale.

Dawn Staley, kocha wa South Carolina, hakufanya hivyo. Kazi ya kumkaba Clark alipewa kwa muda mwingi Raven Johnson, gadi mwenye miguu myepesi, huku wenzake wakibaki karibu kusaidia bila kuwaacha watu wao moja kwa moja. Robo tatu zilizobaki Clark alipata pointi 12. Alimaliza na 30, na kwenye karatasi mtu anaweza kusema hakuzuiwa. Lakini Iowa, timu iliyozoea kufunga zaidi ya pointi 90 kwa mchezo, ilipata 75. South Carolina walishinda ribaundi 51 kwa 29, wachezaji wao wa benchi walifunga 37 dhidi ya sifuri ya Iowa, na mchezo ukaisha 87 kwa 75.

Mfungaji mmoja alipata 0 na timu yake ikashinda kwa 30. Mwingine alipata 30 na timu yake ikapoteza kwa 12. South Carolina walikuwa na kikosi kipana ambacho Wageni wangekitamani tu, na sitaki kudai kwamba Wageni wangeshinda kwa mpango mwingine. Nadai kwamba wangefungwa kwa tofauti ndogo zaidi na wangejifunza ulinzi wa kutumia msimu mzima.

Kwa kocha anayekutana na mfungaji wa aina hii

Mchagulie mkabaji mmoja mkuu na msaidizi wa zamu, na waambie mapema kwamba kazi yao inaanza kabla mpira haujavuka nusu ya uwanja. Pointi rahisi kuliko zote za mfungaji mkubwa hutoka kwenye kukimbia, ulinzi ukiwa bado haujapanga, kisha kwenye mitupo huru. Ukizifunga njia hizo mbili umeshampunguzia mengi kabla ya kugusa mitupo yake ya mbali. Kwenye skrini, mkabaji apite juu, kati ya skrini na mfungaji, na kumkimbiza kuelekea ndani, ambako senta wako anamsubiri. Kupita chini, nyuma ya skrini, ni kumpa anachokitaka.

Mtego wa watu wawili uwe na sehemu na muda: kwenye kona, kwenye mstari wa pembeni, au saa ikiwa chini ya sekunde 8. Na lazima ujue unamwacha nani. Tafuta mtupaji dhaifu kuliko wote kati ya wale wanne na uamue kwamba yeye ndiye atakayetupa. Kwa sekunde 24 za FIBA mtego unaofika kwa kuchelewa una faida zaidi kuliko ulivyokuwa kwa sekunde 35, kwa kuwa timu haina muda wa kuanza upya. Hili makocha wa vyuo vyetu wanaweza kulitumia kuliko Wamarekani wa 2008.

Boksi na mmoja sikatai. Dakika tatu nne baada ya taimauti, au mwanzo wa robo, inaweza kuwavuruga watu wasioitarajia. Isigeuke kuwa makazi.

Na kabla mchezo haujaanza, mpe msaidizi wako karatasi yenye safu mbili: mashambulizi ya wapinzani na pointi walizopata, kwa kila ulinzi unaoutumia. Andikeni kabisa kiwango cha kuachana na mpango, kwa mfano pointi 8 katika mashambulizi 6, na msaidizi awe na ruhusa ya kukuambia kimefika hata kama mfungaji wao bado ana sifuri.